Bi mkubwa yumo humu: kinachowasumbua vijana wazazi wanapoingia mtandaoni

Binti wa dada yangu yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Shuleni simu hairuhusiwi, kwa hiyo maisha yake yote ya mtandaoni hubanwa ndani ya likizo ya Juni na ya Desemba. Desemba iliyopita aliweka stetasi kwenye WhatsApp: yeye na wenzake watatu, magauni ya sikukuu, na chini yake mstari mmoja wa Kiswahili cha mtaani juu ya "mtu fulani" ambaye hakumtaja jina. Mama yake akaiona. Akaipiga picha ya skrini na kuitupia kwenye kundi la ukoo, kwa furaha kabisa: "Jamani binti yetu kakua. Nani anamjua huyu mtu fulani?" Kundi lile lina watu zaidi ya 40. Wamo wajomba, mashangazi, baba wakubwa, mchungaji aliyeoa kwetu, na babu, ambaye ujumbe wake husomewa kwa sauti na mjukuu anayekaa naye.

Mtoto hakula mchana ule. Nilipomfuata chumbani nilitegemea aniambie kwamba mama anamchunguza. Hakusema hivyo. Alisema, "Mama mdogo, mama kuiona si tatizo. Nilijua ataiona. Kwa nini kanipeleka kwa babu?"

Dada yangu naye, nilipomrudia sebuleni, alikuwa na lake: "Simu nimenunua mimi, bando naweka mimi, mtoto nimezaa mimi. Siri gani hapo?"

Maneno yale mawili sijayaacha tangu siku hiyo, kwa sababu hayajibizani. Mama anazungumzia haki ya kuona. Mtoto anazungumzia kitu kilichotolewa mahali pake kikapelekwa pengine. Na karibu kila ugomvi wa namna hii ninaousikia, kwangu, kwa majirani, kwa walimu wenzangu, una mkanganyiko uleule ndani yake. Wazazi hudhani vijana wanawaonea aibu au wana jambo baya la kuficha. Wapo wenye la kuficha, nitafika huko. Lakini kwa wengi kinachouma ni kingine.

Nyumba iliyoanza bila wazazi

Facebook ilipoanzishwa Februari 2004 katika Chuo Kikuu cha Harvard ilikuwa ya wanachuo peke yao. Bila anwani ya barua pepe ya chuo huingii. Mwaka 2005 wakaruhusiwa wanafunzi wa sekondari wa Marekani, na tarehe 26 Septemba 2006 mlango ukafunguliwa kwa yeyote mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea. (Namba hiyo 13, ambayo wazazi wengi hudhani ilipimwa na wataalamu wa makuzi, inatokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Inahusu taarifa. Haisemi chochote juu ya ukomavu wa mtoto.) Kwa miaka miwili na ushei, basi, palikuwa na kitu ambacho sisi tungekiita uwanja wa rika. Unachosema kinasikiwa na wanaofanya mtihani uleule, wanaocheka kichekesho kilekile. Kisha wakaingia mama zao, shangazi zao na mabosi wao.

Mei 2013 taasisi ya Pew Research Center ya Marekani ilitoa ripoti juu ya vijana wa miaka 12 hadi 17. Asilimia 70 ya waliokuwa Facebook walikuwa marafiki na wazazi wao humo. Katika mazungumzo ya vikundi vijana walisema hamu yao inapungua, wakataja sababu: watu wazima wamejaa, kuna watu wanaoanika kila kitu, na ugomvi hauishi. Hata hivyo wengi walibaki, kwa kuwa kila mtu yumo na kutokuwamo ni kukosa habari. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo mkuu wa fedha wa Facebook, David Ebersman, aliwaambia wawekezaji kwamba matumizi ya kila siku yamepungua kwa vijana wadogo. Baada ya hapo namba zilishuka kweli: katika tafiti za Pew, vijana wa Marekani waliotumia Facebook walikuwa asilimia 71 mwaka 2014 na 2015, asilimia 51 mwaka 2018, na 32 mwaka 2022.

Hapo ndipo ilipozaliwa habari inayorudiwa hadi leo, kwamba wazazi waliwafukuza vijana Facebook. Ni nusu ya ukweli. Miaka hiyohiyo simu zilipata kamera nzuri, na picha ikawa ndiyo mazungumzo. Instagram ilikuwapo tangu Oktoba 2010, na Facebook ikainunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, kwa hiyo wengi walioonekana kuhama walihamia chumba kingine cha mwenye nyumba yuleyule. Snapchat, iliyoanza 2011, ilileta picha inayotoweka baada ya kutazamwa. Ukiniuliza, hiyo inatueleza zaidi kuliko asilimia zote. Vijana waliipenda programu ambayo maneno yake hayabaki, kama maneno ya barazani yasivyobaki. Walikuwa wanatafuta mahali ambapo jambo likisemwa Jumanne usiku halitafukuliwa Ijumaa mbele ya mjomba.

Kwetu mambo yalianza upande wa pili. Marekani watoto waliingia kwanza, wazazi wakafuata. Hapa mtoto mara nyingi huingia kupitia simu ya mama. Anaomba "naomba simu nicheze gemu", baadaye anaomba kuangalia kazi ya shule, baadaye anafungua akaunti kwa namba ya mama kwa sababu hana namba yake. Hata akipata laini, kwa kawaida imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mzima. Zaidi ya hayo, wazazi wa watoto walio sekondari leo si wageni wa mitandao. Facebook ilianza kupatikana kwa Kiswahili mwaka 2009. Mama aliyekuwa na miaka 22 wakati ule alikuwa humo, anaposti, anachati, anabadilisha picha ya wasifu kila wiki. Watoto wanazifukua picha hizo. Nimemwona kijana wa miaka 16 akimwonyesha mama yake picha ya mama huyohuyo ya mwaka 2011, nywele za rangi, na maneno ya mapenzi chini yake kwa mwanamume ambaye si baba. Mama alinyamaza. Kwa dakika moja alikuwa amekaa kwenye kiti cha mtoto.

Kwa hiyo tunaposema "wazazi wamejiunga", kwa familia nyingi za Afrika Mashariki maana yake ni kwamba mtoto amezaliwa akawakuta, na anajitafutia kona katika nyumba yenye wenyewe.

Nyumba yenye vyumba

Nitasimama kidogo kwenye neno nyumba. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa kwa daraja. Nje kuna daka, na baraza zake za kukalia wapita njia na wageni wa mlangoni. Ukivuka unafika kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi juu. Kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, yaani ukumbi wa chini na wa juu, kisha ndani, mahali pa wenye nyumba. Kila hatua unayopiga kwenda ndani inapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa. Muuza samaki hakosi heshima kwa kuishia daka, na mama haonekani ana siri mbaya kwa kutomkaribisha ndani. Kila mtu anajua amesimama wapi, na anazungumza kulingana na alipo.

Mitandao ya kijamii imebomoa kuta hizo. Ukiposti, wa daka na wa ndani wanasikia kwa pamoja. Watafiti wa Marekani, akiwamo danah boyd ambaye kwa miaka mingi alizungumza na vijana wa huko, huliita jambo hili kuporomoka kwa muktadha: hadhira ambazo zamani zilikutana na mtu kwa nyakati tofauti sasa zimekaa chumba kimoja. Mtu mzima analijua hilo pia. Ndiyo maana tunamwandikia bosi kwa namna yake na kundi la vikoba kwa namna yake. Tofauti ni kwamba mtu mzima ana nyumba nyingine za kukimbilia: kazini, sokoni, kwa shoga yake. Kijana wa miaka 15 anayekatazwa kutoka baada ya saa kumi na mbili ana ile simu.

Kwetu jambo hili linakaza zaidi kwa sababu ya heshima. Katika jamii zetu nyingi mzazi hakuwa mtu wa kuambiwa kila kitu, na hakutaka kuwa. Pwani binti alikuwa na somo au kungwi wake. Kwa Waganda kuna ssenga, dada wa baba, ambaye mambo ya mwili na ndoa ni kazi yake. Sehemu nyingi mjukuu ana utani na babu na bibi, wanaitana mume na mke, wanasemezana maneno ambayo baba akiwapo hayatamkwi. Mzazi aliwekewa umbali kwa makusudi, na umbali huo ulikuwa adabu. Kijana aliyeyatamka mambo yake ya moyoni mbele ya baba yake ndiye angeambiwa hana haya.

Sasa tazama orodha ya namba katika simu ya binti wa dada yangu. Mama yumo. Shangazi yumo. Mwalimu wa masomo ya ziada yumo. Mwanakwaya mwenzake yumo, na rafiki wa bweni, na "mtu fulani" mwenyewe. Stetasi moja inakwenda kwao wote asipokuwa mwangalifu. Anapomficha mama, sehemu kubwa ya anachofanya ni kurudisha ule umbali wa zamani. Dada yangu anausoma kama dharau, na ninamwelewa, lakini ningependa ajue kwamba mtoto asiyemheshimu asingejisumbua kuficha.

Na mtoto alichokataa siku ile kilikuwa hichohicho. Maneno aliyoyaweka kwenye msana mama aliyabeba hadi barazani.

Vinavyouma, na vinavyouma zaidi

Si kila anachofanya mzazi mtandaoni kina uzito sawa. Picha za waridi na "asubuhi njema yenye baraka" kwenye kundi la familia vijana wanazilalamikia kwa kicheko, na wengine wanazikosa zikikoma. Mama kucheza ngoma TikTok huleta aibu ya siku mbili, hasa darasani, kisha inapita. Komenti ndefu ya baba chini ya picha Instagram, yenye nasaha na jina la utotoni ndani yake, inauma zaidi, kwa sababu jina lile la nyumbani sasa litaitwa shuleni hadi mwisho wa muhula.

Picha za mtoto zinazowekwa na mzazi mwenyewe ni habari nyingine, na hapa naona wazazi hatujajitazama vya kutosha. Tunaposti mtoto akiwa bafuni na miaka mitatu, akiwa na surua, akilia baada ya sindano, akiwa na ripoti ya shule iliyo na alama zake. Miaka kumi na miwili baadaye mtoto yule ana rika linaloweza kuzitafuta. Sheria zimeanza kuligusa jambo hili lakini kwa upande mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, katika kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na Septemba 2023 kamishna wa data wa huko aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtazama mzazi kama mlinzi wa mlango. Ni nani anamwuliza mtoto pale ambapo mzazi mwenyewe ndiye anayeposti? Ufaransa ilijaribu kujibu kwa sheria ya Februari 2024, inayosema haki ya picha ya mtoto inalindwa na wazazi wote wawili, na mtoto ashirikishwe kulingana na umri wake na kukomaa kwake. Ushirikishwaji huo hauhitaji bunge. Unahitaji kumgeuzia mtoto simu na kumwuliza, "Hii niiweke?"

Linalouma kuliko yote silisikii likizungumzwa sana. Ni vijembe. Wanawake wa pwani walizungumza kwa kanga tangu zamani. Jina la kanga likishavaliwa, anayelengwa anajua na asiyelengwa anapita. Stetasi imeirithi kazi hiyo, na wazazi waliogombana wanaitumia sana. Mama anaandika juu ya wanaume wasiojua thamani ya walichonacho. Baba, usiku uleule, anaweka wimbo wa kuachana. Mtoto ndiye anayeziona zote mbili, maana ana namba za wote wawili, na ndiye pekee anayejua kila kijembe kinamlenga nani. Rafiki zake wenye namba ya mama yake wanaziona pia. Kijana mmoja wa shule ninayofundisha aliniambia hafungui stetasi za wazazi wake kabisa, anazipitisha bila kuzitazama, na akiulizwa anasema bando limeisha. Ana miaka 16. Tunaposema vijana hawataki wazazi mtandaoni, mara nyingine wanachokimbia ni kuwaona wazazi wakiwa bila kuta.

Fumbo na mlango wa nyuma

Wanajifichaje? Njia rahisi iko ndani ya WhatsApp yenyewe. Stetasi zilipokuja Februari 2017 kwa mfumo wa picha zinazodumu saa 24, zilikuwa na machaguo matatu: waone wote walio kwenye orodha yako, waone wote isipokuwa uliowaondoa, au waone wale tu uliowachagua. Vijana wengi wanaishi kwenye chaguo la pili, na majina ya kwanza kuondolewa ni mama, baba na kundi zima la mashangazi. Instagram iliruhusu kubadilisha akaunti bila kutoka na kuingia upya mapema 2016, na mwishoni mwa 2018 ikaleta orodha ya marafiki wa karibu. Kwa hiyo kuna akaunti ya sebuleni, yenye picha za mahafali na kanisani, na kuna ya pili yenye jina ambalo huwezi kulikisia.

Ila milango hii huvuja. Programu nyingi huomba ruhusa ya kusoma namba zilizo kwenye simu, kisha hupendekeza watu unaoweza kuwafahamu. Kijana akifungua akaunti ya pili kwa namba ileile, siku moja mama anaweza kuletewa akaunti hiyo kama pendekezo, na mtoto akaamini kuna mtu kamsaliti. Nimeshuhudia marafiki wawili wa darasa moja wakikosana kwa jambo la aina hii. Mashine ilikuwa imefanya hesabu yake tu.

Njia ya pili haina vitufe. Ni lugha. Wataalamu wa Marekani walistaajabu walipoigundua kwa vijana wa kwao. Danah boyd ameeleza juu ya msichana wa miaka 17 aliyeachana na mpenzi wake, akataka rafiki zake wajue ana majonzi lakini mama asishtuke. Akaweka maneno ya wimbo yanayosikika ya furaha. Mama akaona furaha, akajibu kwa furaha. Rafiki zake, waliokuwa wameitazama naye filamu yenye wimbo huo, walijua huimbwa na watu wanaokaribia kufa, wakamwandikia kumuuliza amepatwa na nini.

Kwetu hilo halihitaji kugunduliwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Bibi zetu walisema kinyume wakiwa watoto, wanaigeuza nyumba kuwa mbanyu ili mkubwa asifuate. Sheng ilikulia mitaa ya mashariki ya Nairobi, na tangu mwanzo moja ya kazi zake ilikuwa kuzungumza mbele ya watu wazima bila watu wazima kuwamo. Wa kwetu Dar wana maza na bi mkubwa kwa mama, mshua kwa baba. Wa Nairobi wana mathe na buda. Mzazi akilijua neno, neno linahama. Dada yangu alipoanza kumwita binti yake kwa lugha ya mtaani kwenye kundi la ukoo, lugha ile ilikufa kwa yule mtoto jioni hiyohiyo. Sikucheka, maana nilimwona dada alivyokuwa anajaribu kusogea karibu.

Pale ambapo mzazi ana haki ya kuogopa

Nimewatetea vijana hadi hapa, na sitaki mzazi anayesoma adhani ninamwambia akae pembeni. Wapo watu wazima wanaowatafuta watoto mtandaoni, wanajifanya rika lao, wanaomba picha, kisha wanawatisha kwa picha hizo. Wapo wanaodanganya kwa ajira na ufadhili. Hofu ya mama haijabuniwa.

Tatizo liko kwenye chombo tunachokichagua. Adhabu ya kwanza kwa karibu kila kosa la mtandaoni ni kunyang'anya simu. Fikiria sasa binti anayetishwa na mtu kwa picha yake. Akisema, anapoteza simu, anapoteza marafiki, na habari inaweza kufika kwenye kundi lenye babu. Akinyamaza, anabaki na anayemtisha. Ripoti za Disrupting Harm, zilizofanywa na UNICEF, ECPAT (mtandao wa kupinga unyonyaji wa watoto kingono) na INTERPOL na kutolewa 2021 na 2022 kwa nchi zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, zilionyesha kwamba watoto wengi waliodhuriwa mtandaoni hawakumwambia mtu yeyote, na waliosema mara nyingi walimwambia rafiki au ndugu. Polisi na namba za msaada zilifikiwa na wachache mno. Namba ya msaada kwa watoto, 116, inapatikana bure Tanzania, Kenya na Uganda, na ninawaandikia wanafunzi wangu ubaoni kila mwanzo wa muhula.

Ndiyo maana ile picha ya skrini ya Desemba ilinisumbua kuliko ilivyostahili. Lilikuwa jambo dogo la furaha. Lakini mtoto alijifunza kitu juu ya njia ambayo habari yake hupita ikishafika kwa mama, na siku akiwa na jambo zito atakikumbuka.

Nilimwambia dada hayo, si siku ile, bali wiki mbili baadaye tukichambua mchele. Hakukubali yote. Alisema kizazi hiki kinajipa umuhimu sana, kwamba sisi barua zetu zilifunguliwa na baba na hatukufa. Ni kweli zilifunguliwa. Nikamkumbusha nani alikuwa anatubebea nyingine kupitia kwa jirani zisifunguliwe. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye aliifuta ile picha kwenye kundi, ingawa muda wa kuifutia wote ulikuwa umeshapita na ilifutika kwenye simu yake peke yake.

Kuna upande mmoja bado sijausema, na ndio ulionifanya niandike. Jirani yangu hapa Tanga analea mjukuu wa miaka 14 ambaye mama yake yuko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa nne sasa. Kwa kijana huyu swali la kama mama awemo mtandaoni halina maana, kwa kuwa mama hayupo kwingine. Simu ya sauti huwa usiku sana, matajiri wa mama wakilala, na mara nyingi mtoto naye kalala. Kinachobaki ni stetasi. Anaweka kitu asubuhi kabla ya shule, na jioni anaangalia orodha ya walioitazama. Jina la mama likiwamo anajua mama yu hai, ana nafasi, ana bando. Likikosekana siku mbili anamwuliza bibi.

Alinionyesha mpangilio wake siku moja aliponiomba nimsaidie kuhamisha picha. Nilitegemea kukuta mama kwenye orodha ya walioondolewa, kama kwa wenzake wote. Stetasi zake za kawaida, za mpira na vichekesho, mama hazioni. Amezificha kwa sababu zina maneno ambayo hataki mama ayasome akiwa mbali na akapata wasiwasi. Kisha kuna nyingine, karibu kila siku, alizozipanga zionwe na mtu mmoja tu. Sahani ya wali na dagaa. Miguu ya bibi imenyooshwa mkekani. Daftari la hesabu, swali la tano, alama ya vema. Mwembe wa uani ulipotoa maua. Haandiki neno chini yake. Juu ya kila moja kuna namba ya waliotazama, na namba hiyo ni 1.